Hilo Hekalu la Kale ni Zizi Langu

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka bondeni, chini ya mlima mtakatifu. Mimi ni mwashi, na gazeti lako hunifikia likiwa limefungiwa misumari. Ndivyo nilivyosoma kwamba Mtaalamu wa Mambo ya Kale amegundua kwetu hekalu la taifa lililotoweka miaka elfu tisa iliyopita. Hongera zake. Ila hekalu hilo ni zizi la mbuzi wangu, na nililijenga mwenyewe mwaka ule kitinda mimba wetu alipoota meno.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Anasema lango linatazama macheo kwa ajili ya ibada. Jamani! Upande wa machweo kuna bustani ya jirani, na mbuzi wangu hawana adabu.

2. Anasema ukuta umepinda kufuata mkao wa nyota. Umepinda kwa sababu shemeji yangu alishika kamba huku akisimulia habari za mpira. Nyota zimeingiaje hapo?

3. Maandishi ya siri kwenye jiwe kubwa ni pale ninaponolea patasi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Zizi limezungushiwa utepe, na mbuzi kumi na mmoja wamehamia sebuleni. Mke wangu, aliyenivumilia mengi, amefunga mizigo: wasipotoka wao kufikia Ijumaa, anatoka yeye. Nimemwambia nampenda. Amesema nikamwambie Mtaalamu.

5. Nikaenda. Mtaalamu alinitazama kwa huruma, akasema mtu wa kawaida hawezi kujenga ukuta kama ule. Miaka thelathini ya uashi, sijawahi kusifiwa na kutukanwa kwa mpigo mmoja.

Basi naomba utangaze kwamba hakuna taifa lililotoweka. Nipo, na simu ninayo. Kabla ya ukoo wetu hakuna aliyewahi kupanga jiwe juu ya jiwe bondeni humu.

Wasalimie wapiga chapa, watu wa nyumbani kwako, na mpiga picha wenu. Mwambie kofia yake imeliwa, atusamehe.

Ni mimi, mwenye zizi,
Mwashi wa Bondeni

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimekwenda kuufukua msingi wangu uwe ushahidi. Nilipojenga nilikuta pagumu, nikamshukuru Mungu, sikuchimba zaidi. Kumbe chini kuna mawe mengine, yamepangwa. Si yangu, wala si ya marehemu baba. Yamenyooka, Ndugu Mhariri, hata wembe haupiti katikati! Nimeyashika nikaona haya. Tafadhali usiichape barua hii. Mke wangu naye amekuja, akainama kuyatazama muda mrefu, kisha akaenda kufungua mizigo. Mbuzi watalala sebuleni kwanza. Ni yeye aliyesema.