Vita vya Dobi na Beseni la Wanga

Sogeeni, enyi mliokaa na enyi mliosimama! Zimeni redio, tegeni masikio, niwasimulie habari nzito ya Dobi, Simba wa Pasi, Mnyoosha Kola, bingwa ambaye mbele yake hakuna doa lililowahi kusalimika! Nikitia chumvi mnivumilie, maana bila chumvi habari yenyewe ni ya mtu mzima aliyeogopa beseni.

Dobi huyo alikuwa na binti mmoja wa miaka miwili na nusu, mboni ya jicho lake. Na kwa kuwa nyumba ilijaa mashuka meupe ya watu, binti alilelewa kwa amri moja tu: "Usiguse!" Akishika ukuta, anafutwa. Akishika maji, anafutwa. Hata ikafika mahali punje ya wali ikimnata kidoleni analia kama aliyeumwa na siafu, na chakula hali mpaka alishwe kwa kijiko.

Jumatatu alikuwa aanze chekechea, na mwalimu hakumung'unya maneno. "Baba, hapa watoto ishirini na wanane, mimi peke yangu. Huyu atashinda na njaa. Mpeni vitu ashike: maji, mchanga, unga. Afinyange, amwage, vidole vipate nguvu. Umri huu mtoto anajifunza kwa viganja. Na wewe ukae chini ucheze naye."

Maneno hayo yalimchoma Dobi. Ni nani aliyemfundisha mtoto kuogopa, kama si yeye?

Basi Jumamosi asubuhi akajifunga kibwebwe. Akapika wanga wa kunyooshea nguo, mzito, akauacha upoe, akaumimina katika beseni katikati ya chumba. Akavaa aproni na buti, na zile glavu za mpira zifikazo viwikoni, akatupia taulo begani, akasimama, akanena:

"Ewe Wanga, mnataji usiye na haya! Miaka kumi na saba nimekutawala katika kola za waungwana. Leo nakuamuru, jisalimishe mbele ya binti yangu, ama sivyo..."

"Ama sivyo nini?" mkewe akauliza kutoka jikoni. "Cheza na mtoto, bwana, acha kuhutubia beseni."

Binti alikuwa mlangoni, mikono nyuma.

"Gusa, mama yangu," Dobi akambembeleza. "Hauumi."

Mtoto akatazama beseni, akatazama mikono ya babake. "Baba ana glavu," akasema. "Na mimi nataka glavu."

Lahaula! Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Dobi akaona haya mpaka masikioni, kwani ni kweli: kwa miaka yote ile wanga ameukoroga kwa mwiko na kuushika kwa mpira, na hata sasa hakuwa na hamu hata kidogo ya kunatwa. Simba gani huyu!

Akapiga moyo konde. Akavua glavu ya kulia, akavua ya kushoto, akaketi sakafuni na suruali yake iliyopigwa pasi ikasimama, akafumba macho, akazamisha mikono.

"Mama wee!" akasema. Kisha, taratibu, bila hotuba: "Kumbe wa baridi. Njoo uone, unateleza."

Binti akaja hatua moja, akaja ya pili. Akatoa kidole kimoja, kile kidogo kabisa, akagusa. Uso ukamkunjamana. Mkono wa Dobi, aibu iliyoje, ulikwisha kulifuata taulo, lakini mkewe alimkata jicho, naye akaurudisha. Mtoto akatazama wanga ukidondoka kidoleni.

"Unateleza," akasema. Neno hilo hakuwa amewahi kulitamka. Akatumbukiza mkono wote, kisha wa pili, na baada ya hapo sina haja ya kuwaeleza hali ya sakafu, wala ya shuka la mteja lililokuwa mbali, ila si mbali vya kutosha.

Saa saba mchana wali ukaandaliwa. Mama alipoinua kijiko, binti akakisukuma kando, akapeleka mkono sahanini, akafinya, akala. Dobi akalia waziwazi, akafuta machozi kwa kiganja chenye wanga, na ulipomwingia jichoni akazidi kulia.

Basi na iandikwe, wajukuu wasomewe: Jumamosi ile punje tisa za wali zilifika kinywani kwa mkono wa mwenyewe, na mia kadhaa zikaangukia shati jeupe la babaye, naye Dobi aliziona zote, akamwongezea wali.