Maneno ya Mvua ya Lobule

Kila asubuhi Kamisi alipiga viatu vyake rangi mbele ya kibanda cha chai cha Elena, mjini Arua, akanywa chai, akaahidi kulipa jioni. Viatu hivyo ndivyo vilikuwa mtaji wake wote. Mtu akiviona humwita bwana, na mtu akishakuita bwana, nusu ya kazi imekwisha. Asubuhi hiyo, mwaka wa pili tangu watu warudi kutoka ukimbizini Zaire, alikuwa amemaliza kiatu cha kushoto mgeni aliposimama mbele yake na kumzibia jua.

Mgeni alitoka Kampala. Alikuwa na gari jeupe, baiskeli mpya imefungwa juu yake, na redio ya kurekodi kaseti. Alitafuta sala za zamani za kuita mvua, zile za Lobule, upande wa Koboko, ambazo wenyewe hawampi mtu wa nje.

"Nitaziandika kitabuni," akasema. "Nitasema mizimu ilinishushia mimi mwenyewe, usingizini."

Kamisi akamtazama kwa heshima ambayo fundi humpa fundi mwenzake.

"Babu yangu ndiye alikuwa anaita mvua Lobule," akasema. Babu yake aliuza mafuta ya taa nyuma ya stendi, Mungu amrehemu, wala Kikakwa, lugha ya Lobule, hakukijua. Mjukuu alirithi kutokujua huko kote. "Lakini hiyo maneno iko nzito, bwana. Haibebwi kwa miguu."

Wakaelewana, mgeni akamwachia redio. Kaseti ikirudi na maneno, baiskeli ni ya Kamisi. Watakutana sokoni Koboko, Jumamosi.

Maneno yenyewe yalilindwa na bibi mmoja, Viktoria, ambaye Lobule nzima ilimwita Habuba, yaani nyanya. Aliyabeba kichwani mpaka Zaire na kuyarudisha, wakati wengine walipoteza hata sufuria. Kabla ya vita mtu mmoja alikaa jikoni kwake, akayanakili, akaenda kujitangaza mwenye mvua. Mvua ilipokosa kunyesha, mawe ya wenye hasira hayakumfikia yeye aliyekuwa mbali. Yaliangukia paa la Habuba. Tangu siku hiyo alimfundisha mjukuu wake wa kike tu, Paska.

Kamisi alikatiza shamba lililokuwa mbele ya nyumba, viatu vinang'aa, akaanza kumlilia babu yake kabla hajakaribishwa kiti. Habuba alikuwa ndani. Paska akamwambia kwa Kikakwa kwamba kuna mtu anayejiita mtoto wa ukoo wa waita mvua.

"Amepita shamba la mvua na viatu?" akauliza Habuba, kwa lugha hiyohiyo.

"Na viatu."

Mtu wa ukoo ule hakanyagi shamba la mvua bila kuvua viatu. Hilo hata watoto wachanga hawalikosei, ingawa ni kweli hawana viatu.

"Basi alime," akasema Habuba.

Paska akamgeukia mgeni. "Mwenye kuomba maneno analima kwanza shamba ya mvua. Mpaka iishe."

Kamisi akalima. Viganja vikatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, na shamba halikupungua. Paska alimletea maji, akasimama akiangalia chini mpaka anywe yote. Kamisi alipomsimulia mambo ya mjini, alichekea ndani ya kanga.

"Iko bado?"

"Iko bado kidogo," alijibu kila mara, bila kumtazama.

Ijumaa Habuba alitoka, akaimba mbele ya redio kwa sauti nzito sana, Kamisi akainamisha kichwa.

Jumamosi, sokoni Koboko, Kamisi aliketi kwa Soka, muuza samaki wakavu, akaijaribu kaseti. Soka akasikiliza kidogo, akaweka samaki chini.

"Ndugu, hii ni wimbo ya kufukuza mbuzi kwa shamba ya muhogo. Mama yangu alikuwa anaimba hii."

Kamisi hakupata hata muda wa kuona aibu, kwani gari jeupe lilikuwa limefika. Mgeni akasikiliza akiwa amefumba macho, chozi likamtoka.

"Ndiyo haya," akasema. "Niliyasikia ndotoni."

Kamisi hakuona sababu ya kubishana na mizimu. Akachukua baiskeli.

Njia ya Arua ilikuwa mbele yake. Alipanda baiskeli kwa hasira, akarudi Lobule. Kwenye ukingo wa shamba la mvua alishuka, akavua viatu, akavitundika kwenye usukani.

"Mumenidanganya," alimwambia Paska. "Nimeuza wimbo yenu ya mbuzi kwa mutu ya Kampala."

"Nani alianza? Babu yako aliita mvua gani?"

"Aliuza mafuta ya taa."

"Na huyo mutu ataandika?"

"Ataandika. Atasema aliipata usingizini."

Ndani ya nyumba Habuba alicheka mpaka akakohoa. "Acha aandike," akasema. "Mbuzi ya Kampala nayo ifukuzwe."

Kamisi akaonyesha viganja vyake. "Lakini shamba, Paska. Shamba gani ya mvua iko kubwa hivi?"

Paska akaangalia viatu vilivyoning'inia, kisha miguu mitupu yenye vumbi.

"Shamba ya mvua iliisha Jumanne," akasema. "Ile ingine ni ya jirani."

"Ya jirani? Sasa kwa nini ulikuwa unasema iko bado?"

Paska akaanza kuifunga upya kanga yake.

"Sema basi," ikatoka sauti ndani. "Chakula inapoa."

"Nilikuwa nataka ukae," akasema Paska.