Chasisi Iliyopinda na Magogo ya Mama Hilkka

Jumatatu, 4 Machi

Lori limerudi nyumbani, mgongoni mwa lori jingine. Aibu gani hii! Kampuni ya bima imeamua halifai kutengenezwa. Nimelinunua tena kwao kama chuma chakavu. Mtu wao alilitazama dakika saba, akaandika "chasisi imepinda", akaenda kunywa kahawa. Dakika saba! Mimi nimeishi nalo miaka kumi na minne.

Kwa kumbukumbu: niliingia mtaroni nikimkwepa kulungu. Mke wangu Raili anasema hakukuwa na kulungu, kulikuwa na chupa ya kahawa iliyogoma kufunguka.

Jambo lenyewe ni hili. Magogo ya Mama Hilkka yamelala ng'ambo ya kinamasi. Njia ya kule hupitika ardhi ikiwa imeganda tu. Barafu ikiyeyuka, yatakaa huko hadi baridi ijayo, na wadudu watayala. Mjane huyu ndiye mtu pekee wilayani ambaye bado ananipa kazi. Nikishindwa, kazi itakwenda kwa Ensio, kaka yake Raili, mwenye gereji ya kunyooshea chasisi, lori lake mwenyewe la magogo, na meno yote kinywani.

Ensio amepiga simu. Anasema nimpelekee lori, atalinyoosha kwa siku mbili tu, bure. Nimemwambia nitafikiria. Sitafikiria.

Jumanne, 5 Machi

Nimepima chasisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba lori zima. Unavuta utepe kutoka kona hadi kona, kisha kona nyingine, kama msalaba. Vipimo vikilingana, mambo safi. Vyangu vimepishana sentimita nne. Raili ndiye aliyeshika ncha ya pili. Nikasema utepe umesinyaa kwa baridi. Akaenda kuchukua utepe wake wa kushonea. Sentimita nne.

Akasema nimpigie kaka yake. Nikamjibu kwamba nyumba hii ina mwanaume. Akauliza yuko wapi.

Alhamisi, 7 Machi

Wazo! Chuma kilichopinda hunyooka kikivutwa. Kinachohitajika ni kitu kisichosogea. Mawe yamefukiwa na theluji. Miti ni ya jirani Kauko, na Kauko tayari amenipa trekta lake kwa manung'uniko. Basi nikaitazama sauna yetu, kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke. Baba mkwe, marehemu, aliijenga kwa magogo mazima na kila Jumamosi alijisifu kwamba itadumu kuliko sisi sote.

Upande mmoja wa chasisi nikaufunga kwa mnyororo kwenye kona ya sauna, upande wa pili kwenye trekta. Trekta likanguruma. Mnyororo ukakaza. Kitu kikalia krrr. Nikashangilia!

Chasisi haikusogea hata kidogo. Sauna imesogea. Mlango wake haufungiki tena, na bomba la moshi limeinama kuelekea kanisani.

Raili alitoka, akatazama, akarudi ndani kuendelea na supu yake ya njegere. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Jumamosi, 9 Machi

Jumamosi bila sauna haiwezekani. Tumekwenda kuoga kwa Ensio. Nimekaa uchi kwenye benchi la mtu nisiyependezwa naye, natoka jasho. Saunani watu hawagombani, ndiyo desturi, na Ensio anaijua vizuri.

Akamwaga maji juu ya mawe ya moto. Mvuke ukanipanda masikioni. Akasema polepole, "Shemeji, lilete Jumatatu. Ila usiliguse kwa moto. Chuma kile kimepikwa kiwandani. Ukikipasha kinalegea kama uji. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia.

Redio inasema joto linakuja mwisho wa wiki ijayo. Nawaza kile kinamasi.

Jumapili, 10 Machi

Nimefikiri sana. Nikimpelekea Ensio chasisi yenye kasoro ya sentimita nne, atasimulia mpaka Krismasi. Nikimpelekea yenye mbili, huo ni msaada mdogo tu kati ya mashemeji. Nikawasha gesi ya kuchomelea, kidogo. Chuma kikawa chekundu, kizuri kweli. Jeki. Nyundo. Jeki tena. Mbili! Moja! Vipimo sawasawa!

Nimelia, nakiri. Sasa ya nini kumsumbua Ensio? Nimepaka rangi nyeusi, mara tatu.

Jumanne, 12 Machi

Jana nilimwambia Ensio nina mafua. Leo nimepeleka lori kwenye ukaguzi.

Mkaguzi ni Bi. Tuovinen, mwanamke mfupi mwenye kinyundo. Nilichangamka kupita kiasi. Nilisifu viatu vyake. Akagonga chuma: ting, ting, ting, tup. Akarudia. Tup. Akakwangua rangi kwa ukucha, akauliza nani amekipasha moto. Nikasema jua.

"Jua la Machi?" akauliza. "La hapa kwetu?"

Akabandika kifaa chake cha kupimia ugumu, akanionyesha namba. Akasema nikipakia magogo, mhimili huu wa chasisi utakunjika barabarani, tena huenda nyuma yangu kuna basi la shule. Mhimili mzima ubadilishwe, wiki tano. Kinamasi hakina wiki tano, kina siku mbili au tatu.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda kwa Mama Hilkka kumweleza ukweli. Akanimiminia kahawa, akanikatia mkate wa iliki. Akasema miti ile aliipanda na marehemu mumewe mwaka waliooana, na akiyauza magogo hayo ndipo atapata paa jipya. Nikauweka mkate sahanini. Nikamwambia yote yatatoka kesho. Kwa nini nilisema hivyo?

Nikaenda moja kwa moja kwa Ensio na kumwambia kila kitu, hata gesi. Nilidhani atacheka. Akanitupia funguo za lori lake.

"Safari tatu, asubuhi, njia ikiwa ngumu. Saa nne unaacha. Yatakayobaki, yabaki. Sawa, shemeji?"

Nilitaka kumshukuru. Nikajikuta nasema matairi yake yamekwisha.

Alhamisi, 14 Machi

Safari tatu, na bado ni saa nne kasoro robo! Mama Hilkka amesimama mlangoni pake akipiga makofi akiwa na glavu zake. Limebaki rundo moja tu. Dogo. Karibu kabisa. Maji yanang'aa juu ya barafu, lakini si mengi. Nilimwahidi yote.

Saa nne na nusu lori la Ensio lilizama upande wa kushoto hadi mlangoni, na mzigo wake juu. Nikasikia chasisi ikilia chini yangu. Sauti hiyo sasa naijua.

Ensio alikuja kwa miguu. Nilijiandaa kutukanwa. Akauliza, "Umeumia?" Akavua koti lake akanivika mimi. Heri angenitukana.

Ijumaa, 15 Machi

Ensio amesema mtu yeyote asiliguse. Kesho inakuja winchi kubwa ya kuliinua taratibu, pande zote mbili kwa pamoja. Likivutwa upande mmoja, chasisi itajikunja, na lori lake nalo litakuwa chuma chakavu. Nimempa mkono. Nimeapa. Nikamwambia safari hii nimejifunza, na nadhani aliniamini, maana alinipiga begani kama ndugu. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Ndiyo maana siwezi kukaa bure! Joto linapanda, lori linazidi kuzama, na mtu aliyenivika koti lake anateseka. Nimezungumza na dereva wa greda linaloondoa theluji barabarani. Anapita hapa leo saa nane mchana, na nyuma ana ndoano nzuri sana. Tutavuta upande mmoja tu, kidogo, polepole. Ensio akija kesho atalikuta barabarani. Atafurahi sana.