Bango la "Tumejaa"

Jumatatu, 3 Machi
Wageni wa mwisho wameondoka. Mayai wameyaacha mezani, hata kumenywa hayakumenywa! Redio imesema mapigano yamepamba moto kaskazini. Kaskazini! Ni safari ya siku nzima kutoka hapa kwenye nyumba yangu ya wageni. Hapa wanaopigana ni paka tu, juu ya bati. Lakini huko kwao watalii wanaoneshwa ramani, nchi nzima imepakwa nyekundu, basi, imetosha. Simu zote za leo ni za kufuta nafasi.

Mke wangu anasema mdogo wake amekimbia vita na watoto, wanalala sakafuni katika darasa la shule na wakimbizi wengine, na sisi tuna vitanda vitupu. Nikamwambia si vitupu, vinasubiri watalii. Akaniangalia weee! Akasema ananipa hadi Jumamosi. Mgeni asipopatikana, ama mdogo wake anahamia hapa, ama yeye anahamia darasani. Mke wangu hatishii mtu. Anataarifu.

Jumatano, 5 Machi
Usingizi sikupata, akili nimepata. Watu hufuata penye watu! Nimeanika nguo za kuogelea kwenye roshani zote, nikazimwagia maji. Mpishi nimemvisha kofia pana na miwani ya jua, nikamkalisha barazani anywe juisi, na nikampiga marufuku kufungua mdomo. Amenuna, sufuria zake ziko motoni. Langoni nimetundika bango: TUMEJAA. Binadamu hutamani anachonyimwa! Mke wangu alipita na kapu lake, akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ng'ambo ya barabara yuko Bwana Nyota, mwenye hoteli aliyejichorea nyota zake mwenyewe kwenye kibao. Amechungulia mchana kutwa. Kijicho hicho! Leo nitalala fofofo.

Alhamisi, 6 Machi
Nife mimi. Mtalii amekuja. Wa kweli! Bibi mmoja mwenye darubini shingoni, vita havimbabaishi. Mimi nilikuwa sokoni naongeza nguo za kuogelea. Mpishi anasema bibi alisimama langoni, akasoma bango, akasikitika, akavuka barabara. Nikamuuliza kwa nini hakumwita. Akanikumbusha nani aliyempiga marufuku kufungua mdomo. Bwana Nyota alimbebea bibi begi kwa mikono yake mwenyewe, kisha niliporudi akanipungia. Nimelia chooni. Mgeni njoo mwenyeji apone, na aliyepona ni yule!

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu amewaleta mdogo wake na watoto waje wale chakula cha moto japo leo. Shemeji amekonda, sura imebaki macho. Mtoto wake wa mwisho haongei tangu walipokimbia, ameng'ang'ania sketi ya mama yake tu. Nikamkunjia taulo, akatokea bata maji, yule yule tunayewawekea watalii kitandani. Mtoto akatabasamu kidogo. Roho iliniuma, nikaenda zangu uani kufikiria kazi.

Huko ndiko wazo liliponijia. Lazima yule bibi ajue raha iko upande huu! Stoo kulikuwa na fataki zilizobaki tangu enzi za neema. Jioni nikaziwasha zote kwa mpigo.

Mungu anisamehe. Mtaa mzima ulilala chini. Bwana Nyota aliruka ukuta na taulo kiunoni. Bibi ameondoka na gari la kwanza, darubini ameiacha. Askari walikuja mbio, mmoja akaniuliza kama nina akili timamu. Mtoto wa shemeji ameingia chini ya kitanda. Hatoki.

Jumamosi, 8 Machi
Bado hajatoka. Nimelala kifudifudi sakafuni kando ya kitanda. Nikamwambia ni mimi, baba mkubwa, yule mjinga wa fataki. Nikakunja bata mwingine, nikamsukuma taratibu chini ya kitanda. Muda ukapita, mgongo ukaniuma. Kisha mkono mdogo ukatokeza, ukamvuta bata gizani. Sikuweza kuinuka, nilikuwa nalia kama mtoto. Mke wangu alisimama mlangoni. Alikwenda kutandika shuka vyumba vyote, halafu akamtuma mpishi darasani akawaite na wale wengine.

Jumapili, 9 Machi
Kila kitanda kina mtu, vingine vina familia. Bango la TUMEJAA liko pale pale langoni, sasa linasema kweli. Watalii labda wataonwa na wajukuu zangu, si mimi. Kazi niliyoifanya tangu ujana imekufa, nami sijui nyingine. Nimekata tamaa kabisa.

Lakini leo mtoto amesema neno. Ameomba bata wa tatu! Shemeji akajifunika uso kwa kanga.

Nilipokwenda stoo kuchukua taulo, nyuma ya magodoro nimekuta boksi moja la fataki limebaki. Bahati iliyoje! Nimelificha vizuri. Siku vita vikiisha nitaliwasha uani, watoto wote wakiwa wamekusanyika. Sitamwambia mtu. Nataka washtukie tu.