Hatua Zangu kwa Miguu ya Soli

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki asubuhi. Presha imepanda, sukari inanyemelea. Daktari, kijana ambaye nimewahi kumpunguzia suruali kiuno, akasema si lazima ninyanyue vyuma. Nichague kitu ninachokifurahia: kutembea jioni, kucheza muziki sebuleni, kupalilia bustani. Nikamwambia ninachokifurahia ni kukaa. Akaandika kitu kirefu kwenye faili. Nikamkumbusha kwamba mimi ni fundi cherehani, nimekanyaga pedeli miaka thelathini na mmoja. Akauliza nimefika wapi. Mjinga!

Mke wangu alipoambiwa, alifurahi. Alifurahi! Mume ana presha, yeye anatoa raba kabatini. Akasema tutembee wote kila jioni kama enzi za uchumba, maana tangu binti yetu ahamie mbali nyumba imekuwa ya watu wawili na kila mtu peke yake. Nikasema nina mapazia ya hoteli. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi hutumia mpini wa ufagio.

Alhamisi, 6 Machi

Mzigo kutoka kwa binti yetu, muuguzi. Mama yake kamwambia kila kitu. Ndani kuna saa ya mkononi inayohesabu hatua na kumpelekea hesabu kwenye simu yake huko aliko. Anataka elfu nane kwa siku. Mtoto niliyemsomesha mwenyewe leo ananipeleleza.

Ijumaa, 7 Machi

Nina akili, sijui kwa nini watu hawaoni. Nimeifunga saa kwenye pedeli ya cherehani, nikashona mapazia. Adhuhuri: hatua elfu ishirini na sita!

Binti akapiga simu. Kwanza alinipongeza. Halafu akauliza nilikuwa nafukuzwa na nani. Jioni mke wangu aliviangalia viatu vyangu, juu na chini. Havikuwa na vumbi hata chembe. Akavirudisha mlangoni. Nimeshinda, ingawa kesho lazima hesabu ipungue.

Jumamosi, 8 Machi

Inahitajika miguu ya kiasi. Yaani ya Soli.

Soli ni fundi viatu, kibanda chake kinatazamana na duka langu. Simpendi. Mjane, kanizidi miaka sita, mwembamba kama uzi, na anaimba huku akigonga misumari. Hata gundi akiipaka, kiuno kinacheza. Wateja wangu wakishapimwa huvuka barabara kwenda kucheka kwake. Na kila jioni hutembea hadi darajani na kurudi, eti kwa raha zake. Raha gani ya kwenda mahali kisha kurudi ulikotoka?

Nikamvalisha saa. Akauliza kwa nini nisiende naye tu. Watu wengine hata uwaeleze vipi. Tukakubaliana: atairudisha kabla sijaenda nyumbani, nami nitamshonea aproni mbili.

Mke wangu nimemwambia nitatembea peke yangu, maana daktari anataka mwendo wa kasi na yeye atanichelewesha. Akasema haya. Kisha akavaa raba zake, akatoka peke yake. Mimi nikarudi dukani, nikaegesha mlango, nikakaa kwa amani hadi saa moja.

Jumatano, 12 Machi

Mambo murua. Elfu nane na mia nne. Elfu tisa. Binti anatuma pongezi asubuhi na jioni.

Wakati wa kula mke wangu akasema leo nimetembea vizuri, ila pale mlimani nilipunguza mwendo. Nikakubali. Akasema nilivyomwiga mwalimu wa kwaya alicheka mpaka akakaa chini. Hili sikulielewa. Baadaye nikafahamu: saa ile inaripoti hata utani, binti anamsimulia mama yake! Teknolojia imefika mbali. Nikasema ndiyo, mimi mcheshi sana nikiwa njiani.

Aliosha vyombo huku akicheka peke yake. Zamani nilimzoea akicheka hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Elfu kumi na nne! Soli aliirudisha saa akiwa amelowa jasho, meno yote nje. Akasema alipitia ukumbini, Jumamosi kuna muziki wa zamani. Sikumuuliza zaidi. Miguu ni yake, hatua ni zangu.

Binti aliandika kwamba mama amemwambia tumeanza kucheza muziki, na amelia kwa furaha. Nikajibu kwamba wazee bado tumo.

Kwenye chakula mke wangu alikuwa akiimba kwa pua wimbo wa harusi yetu. Akanisifu: leo sikumkanyaga vidole hata mara moja.

Kijiko kikaniponyoka. Mimi humkanyaga siku zote. Tangu siku ya harusi.

Jumapili, 16 Machi

Nimewaona. Nilijibanza nyuma ya ukuta wa shule, mkabala na daraja. Walikuwa wanakuja polepole, saa yangu ikimetameta mkononi mwa Soli. Hawakushikana. Hawakufanya lolote la kumshtaki mtu. Mke wangu alikuwa anasimulia kitu kwa mikono yote miwili, Soli anasikiliza. Basi.

Inaniuma, niseme ukweli. Mikono ile alikuwa akinisimulia mimi. Sikumbuki lini ilitulia.

Nikatoka mafichoni niwakimbilie. Hatua kumi, kifua kikabana, nikakaa juu ya jiwe kama mzigo wa mtu. Na hizo hatua kumi hazikuhesabiwa popote!

Jumatatu, 17 Machi

Nikamvamia Soli kibandani. Nilikuwa nimepanga matusi manne, nikakumbuka mawili. Hakukana. Alisema mke wangu aliitambua saa siku ile ile ya kwanza, akamuuliza mwenye saa amemwacha wapi. Soli akamwambia: dukani, ameegesha mlango. Basi mke wangu akasema twende, saa isikose hatua zake. Soli akaivua, akanirudishia. Asante kwa aproni, akasema. Kikulacho ki nguoni mwako, na hizo nguo nimezishona mimi!

Nyumbani nikakuta raba zangu mlangoni, kando ya zake, kamba zimelegezwa tayari. Mke wangu akasema ameziweka hapo kwa mara ya mwisho. Kesho saa kumi na moja atapita dukani kunichukua, atasubiri hadi na robo. Zaidi ya hapo hataniomba tena. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Jumanne, 18 Machi

Raba nilikuja nazo dukani. Mchana kutwa nimezitazama. Saa kumi na moja kasoro dakika tano nikasimama. Nilisimama kweli! Nikavaa mguu mmoja.

Hapo ndipo akili ikanijia. Nikienda, Soli atajua ameniumiza. Halafu mapazia ya hoteli hayajaisha. Na kinachotakiwa hapa si miguu, ni macho: mtu wa kuwa karibu na mke wangu njiani, asikie anayosimulia, aje aniambie.

Nikamwita kinyozi wa jirani. Kijana mtanashati, maneno matamu, kinamama hukaa kibandani kwake hata kama hawana cha kunyoa. Alikubali papo hapo. Na kwa kuwa atatembea hata hivyo, nikamfunga saa mkononi.

Mke wangu alisimama nje hadi na robo. Nilimwona kupitia ufa wa mlango. Kisha akaenda, na kinyozi nyuma yake akiharakisha, akimsalimia kwa heshima zote.

Hatua elfu kumi na moja. Binti anasema hajawahi kujivunia baba kama leo. Kinyozi amerudi hana cha kuripoti, ila anasema mama ni mchangamfu kweli, na yeye hajaoa, jioni zake zote zi wazi. Nimemwambia kesho awahi.