Usiponiona, Simama

Jumatano, 11 Juni 2025. Kagondo, Bukoba.

Basi limekamilika! Zamani lilibeba abiria ishirini na tisa. Sasa lina kitanda, jiko la gesi, sinki na pazia la maua. Mwalimu wa Jiografia, miaka hamsini na miwili, hatimaye nina nyumba inayotembea. Keshokutwa mimi na Kokuhirwa wangu tunakwenda ukweni Muleba, na tutalala humo humo, uani kwao. Avit, kaka yake, ameshatangaza kwa simu kwamba nimenunua jeneza lenye honi. Atajionea! Leo nimejaribu kitanda mara nne. Usingizi haukuja. Kokuhirwa anauliza kama nimekalia siafu.

Alhamisi, 12 Juni.

Mazoezi ya kurudi nyuma. Kokuhirwa anasimama kwenye kona ya nyuma, ananiongoza kwa mikono. Alikuwa anafukuza nzi. Mimi nikaelewa njoo. Mgomba mmoja chini, na mkungu wake. Penina, jirani yetu, alicheka mpaka akakaa, kisha akauliza kama hivi ndivyo walimu wanavyovuna. Kokuhirwa hakucheka. Ameweka sheria moja tu: Baba Nancy, usiponiona, simama.

Sheria nzuri sana! Nimeiandika kwa kalamu nyekundu, USIPOMWONA SIMAMA, nikaibandika kwa selotepu kwenye kioo cha pembeni, nusu ya chini, mahali ambapo siwezi kukosa kuiona. Ualimu ni kipaji.

Ijumaa, 13 Juni. Muleba.

Mwandiko uvumiliwe.

Tulifika saa tisa. Ukoo mzima uani. Avit amefunga mikono kifuani, anatabasamu lile tabasamu lake. Nikaamua kuingiza basi kinyumenyume, kwa mwendo mmoja, wakome. Kokuhirwa nikamwona kiooni: njoo, njoo. Mara hayupo. Nikadhani ameridhika na kazi yangu, ameenda kusalimia wenyeji. Nikaendelea. Watu wakapiga kelele. Nikadhani wananishangilia, nikapiga honi kuwashukuru! Avit akaja mbio, akasukumia figa chini ya tairi la nyuma. Basi likagoma.

Kumbe shangazi yao mzee alikuwa anapita nyuma ya basi. Na Kokuhirwa amelelewa: alipiga magoti palepale, akamwamkia kwa Kihaya, kaboneka waitu, kichwa chini. Kusalimia kweli. Bampa imeacha alama ya vumbi kwenye kitambaa chake cha kichwa.

Sikula. Yeye amelala kwa mama yake. Hiki kitanda ni kipana mno.

Jumamosi, 14 Juni.

Asubuhi Avit aliketi kwenye kiti changu cha dereva, akamwomba dada yake apige magoti palepale alipokuwa. Akatazama kiooni. Akaanza kucheka, akaacha. Shemeji, akasema, karatasi yako ya kumlinda ndiyo iliyomficha. Nikatazama mwenyewe. Akisimama, namwona. Akipiga magoti, naona mwandiko wangu mzuri.

Kokuhirwa akasema atarudi Bukoba kwa bodaboda, hata mawe yakinyesha, na hapandi tena. Nikampigia magoti, mimi, mwanamume mzima, mbele ya mama mkwe! Mama mkwe akageuka ukutani. Kokuhirwa akaniacha chini kitambo kirefu, kisha akataja masharti: karatasi itoke kwenye kioo. Kabla ya kurudi nyuma nishuke nikatazame mwenyewe. Na figa la Avit tuondoke nalo. Nimeapa kwa yote matatu. Akapanda. Nilitaka kulia, ila Avit alikuwa anatazama.

Jumapili, 15 Juni. Kagondo.

Salama! Nimeshuka kutazama mara tatu njiani, hata pale tulipokuwa tunakwenda mbele. Kokuhirwa amepakata figa njia nzima kama mjukuu. Tulipofika nyumbani akasema pengine, amesema pengine, mwezi ujao twende Izimbya. Furaha hainiachi nikae!

Karatasi nimeibandua kwenye kioo cha pembeni. Ahadi ni ahadi. Lakini sheria nzuri namna ile ipotee? Nimechukua manila nzima ya shuleni, herufi kubwa kama kiganja, nikaibandika kwenye kioo cha mbele, usawa wa macho ya dereva. Safari hii hakuna kisingizio. Ukiketi pale, huoni kitu kingine.