Aplikesheni ya Barafu Iliyoandikwa Upya

Kabla sijafa, ndugu zangu, na daktari amenishauri nisicheleweshe mambo yangu, ninalo jambo nimewaficha ambalo nitalitamka leo katika mkutano huu mkuu, ila itifaki izingatiwe kwanza. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyewakilishwa na mwakilishi wa mwakilishi wako. Waheshimiwa madiwani mliopo na mlioko njiani. Baba Paroko, Mchungaji na kwaya yako. Wajumbe wa bodi kutoka Bunda na Butiama. Mama zangu wauza samaki wa Nyasho na Kigera. Ninyi wa kisiwa cha Rukuba mliovuka ziwa kwa gharama zenu wenyewe. Mabibi na mabwana: Ushirika hoyeee! (Hoyeee! Sauti kutoka nyuma: "Mzee, sema basi hilo jambo!")

Linakuja. Mimi, Clementi Keraryo, mwenyekiti wenu kwa vipindi vinne, viwili vikiwa vya dharura, napenda kuwakumbusha kwamba aplikesheni yetu ya zamani ya kuagizia barafu ilikuwa imechakaa hadi simu mpya zikawa zinaikataa, na wenye simu za aina nyingine hawakuwahi kuiona kabisa, ndipo chini ya uongozi wangu mahiri tukaazimia kuiandika upya kwa framework ya kisasa, cross-platform, yaani unaandika mara moja tu na simu za aina zote zinatii, tukaunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikaenda Mwanza kujifunza, ikarudi na fulana. (Makofi.)

Matokeo mnayo mikononi. Mnagusa ile alama ya sangara anayetabasamu, mnaandika mnataka barafu kiasi gani, na kabla chai haijapoa mnajibiwa, jambo ambalo kwa mujibu wa tathmini shirikishi limefikisha kuridhika kwa watumiaji asilimia mia moja na nne, hizo nne zikiwa za watu wasio na simu. (Kicheko. Tereza, mchuuzi wa Rukuba, anasimama: "Mwenyekiti, hiyo ya kwangu inaniulizaga mguu umeamkaje. Nani aliiambia nina mguu unauma?")

Mama Tereza, hiyo inaitwa user experience, yaani mtumiaji ajisikie kujaliwa. (Makofi. Mniko wa Bunda anadakia: "Mimi ilinigombeza! Niliagiza barafu siku tunamzika baba mkwe, ikasema, wewe, nenda msibani kwanza, barafu yako naiweka.")

Na hiyo, ndugu Mniko, ni akili ya mashine iliyohuishwa kimkakati ili iendane na mila za mtumiaji. (Vigelegele.)

Sasa ajenda namba nne, inayosema kwamba kwa kuwa aplikesheni inafanya kila kitu, karani wetu wa barafu, Consolata Ghati, aachishwe kazi kuanzia kesho. Wajumbe mliipendekeza kwa kuamini taarifa zangu, nami niliisaini kwa kuwa kuikataa kungehitaji maelezo. Naona mikono imeanza kunyooshwa. Shusheni. (Minong'ono. "Si umesaini mwenyewe?") Nimesaini, ndiyo, lakini shusheni, nawaomba, maana mkiipitisha hii, samaki wa Rukuba wataozea mchangani kesho asubuhi. (Gody wa meza kuu anamsogezea glasi: "Mzee, kaa kwanza, unywe maji!") Sitaki maji, Gody. Nikikaa nitapata ujanja mwingine wa kusema.

Teknolojia juu! (Juu... sauti chache.) Framework moja, simu zote! Basi nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru wataalamu walioiandika upya aplikesheni hii, ambao hawakuweza kufika kwa sababu hakuna aliyewahi kuajiriwa. Naishukuru kamati ndogo, ambayo fulana zimeipendeza. Namshukuru mchoraji wa yule sangara, kwa kuwa picha ile ndiyo kitu pekee kilichotengenezwa, na ukiigusa haifungui kitu chochote zaidi ya meseji. Na kuliko wote namshukuru binti ambaye meseji hizo zinaingia kwenye simu yake, niliyemwomba anyamaze kwa muda mfupi tu, na ambaye hata sasa, tukiwa tunapiga kura ya kumfukuza, yuko chumbani kwake Nyasho anawajibu kwa kidole kimoja kimoja. Aplikesheni mpya haipo. Siku zote mmekuwa mkiongea na Consolata.